Marehemu Muthama Ndolo, Aliyepiga Hesabu za Mwaka Unaokuja

Muthama Ndolo alizaliwa Mbooni tarehe 9 Mei 1932, kifungua mimba wa Mzee Ndolo na Kalondu. Miaka miwili baadaye akazaliwa Kiema, anayewasomea haya, na tangu hapo Kiema amekuwa nyuma yake.

Aliacha shule darasa la nane ili karo imtoshe Kiema, aliyerudi na cheti cha uhasibu. Hata hilo watu walimsifia Muthama!

Mwaka 1959 alimwoa Mutindi kanisani. Kiema ndiye aliyemwona kwanza, lakini hayo yapite.

Kuanzia 1965 walifanya kazi katika chama cha wakulima wa kahawa, Kiema mweka hazina, Muthama karani wa mizani. Vitabu vya Kiema vilikuwa safi, mkaguzi alivisifu kila mwaka. Muthama alichungulia tu akauliza, "Sasa wewe Kiema, hiki kitabu kinamwambia mkulima Disemba atapata ngapi?" Kwake, hesabu isiyoonyesha yanayokuja ilikuwa kazi bure. Daftari lake lilikuwa chafu, limejaa hesabu za maua ya kahawa, deni la mashine, na mbolea iliyochukuliwa kwa mkopo. Kila Januari alikisia malipo, na kila Disemba, jamani, alipatia! Wakulima wakawa wanampita Kiema ofisini, wanaenda kuuliza kwenye mizani. Iliuma.

Januari 1984 Muthama aliandika shilingi moja na senti hamsini kwa kilo, akampa Kiema karatasi aisome mkutanoni, maana yeye alibaki kwenye mizani. Kiema aliifungia kwenye droo, akawaambia wanachama watapata tatu kama mwaka uliopita, maana benki kulikuwa na pesa. Ulikuwa wivu, hauna jina lingine. Watu wakakopa karo kabla Muthama hajajua kilichosemwa. Malipo yakatoka moja na arobaini, na ng'ombe wakauzwa mnadani Emali kwa bei ya kutupa. Wanachama walimlaumu Muthama: alijua, mbona akanyamaza? Naye hakumtaja ndugu yake mbele yao, miaka kumi.

Ugonjwa wa sukari ulimshika 1990. Disemba iliyopita daktari alimpa mwaka mmoja. Muthama akacheka, "Mimi naona miezi mitatu." Alifariki tarehe 11 Machi 1994. Alipatia tena, na Kiema, Mungu amsamehe, akaona wivu hata hapo.

Ameacha mjane Mutindi, watoto watano, wajukuu tisa na ndugu mmoja. Jana Kiema alimwomba mchungaji asome wasifu huu. Mutindi akakataa: "Utasoma wewe, shemeji, na mwaka wa themanini na nne usiuruke."

Wanachama, mlimlaumu asiye na kosa. Mwenye kosa ndiye huyu mnayemtazama. Muthama na alale salama.