Daftari la Sijui Bado

Kahawa ya Dorca pale Kaloleni, Kisumu, hunywewa kwenye benchi la miguu mitatu na jiwe moja, na anayekalia upande wa jiwe hashindwi ubishi, maana akisimama ghafla wenzake wote wanaanguka. Asubuhi hiyo aliukalia Wechuli, fundi viatu, kanuna, kavaa shati lake la kanisani. Mapajani alishika daftari la bintiye Shantel, wa gredi ya nne. Kengele ya shule ikilia angekuwa mbele ya mwalimu, amhamishe mtoto. Alikuwa ameshamwapia mkewe, na kwa kiapo Wechuli ni mbishi kweli kweli.

— Soma hapo, Hansard. Soma kwa sauti wasikie.

Hansard ni Ondiek. Alipewa jina hilo la kumbukumbu za Bunge kwa kuwa anakumbuka kila neno lililosemwa hapo miaka kumi, hata yale ambayo hayakusemwa. Akavaa miwani.

— "Kwa nini magugu maji hayazami? Sijui bado." Halafu mwalimu kaandika na nyekundu: "Vizuri sana. Utajuaje?"

— Mmesikia? Mtoto anasema sijui, anaambiwa vizuri sana! Mimi nilisema sijui mara moja tu darasani, nikashindwa kukaa siku mbili!

— Pole, Baba Shantel, akasema Dorca akimimina.

Gordon, fundi simu wanayemwita Injinia, akatikisa kichwa.

— Huyo mwalimu mwenyewe hajui. Anangoja watoto wamfundishe.

— Wapi, omera! akapinga Hansard. Anakusanya maswali. Watoto arobaini, kila mtu daftari. Hiyo ni kitabu nzima. Atachapisha, utamwona amehamia kwa wenye pesa, Migosi.

— Migosi ni karibu sana, Hansard. Hizi mashine za siku hizi zinaongea, si ndiyo? Maneno zinatoa wapi? Kwa watoto wetu! Siku moja simu itakuuliza mambo ya nyumba yako, na kila kitu inajua.

— Aki Injinia, hiyo ni kahawa umekunywa ama ni petroli? akauliza Dorca.

Hansard alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Wechuli akanyoosha mkono kumpokonya, akachelewa.

— "Nimeuliza Baba. Baba amesema hayazami kwa sababu Mungu amependa." Na mwalimu: "Baba amejuaje?"

Walicheka mpaka benchi likayumba. Wechuli uso ulimwaka. Basi, hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anaulizwa na kalamu nyekundu ndani ya daftari la mtoto wake! Iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu jibu hakuwa nalo.

— Anahama leo, akasema. Leo leo.

Ndipo Shantel akatokea, sare imepigwa pasi, kabeba mfuko wa plastiki unaodondosha maji.

— Shikamooni. Baba, naomba daftari yangu.

— Ndani ya mfuko ni nini?

— Magugu maji. Dada amenitolea ziwani jana.

Akalitoa gugu, jani na bua lake nene, akawatazama wote wanne bila utani hata kidogo.

— Nyinyi mmekaa karibu na ziwa miaka mingi. Kuna mtu amewahi kupasua akaona ndani?

Injinia akakohoa. Dorca akafuta birika lililokuwa safi. Hansard, wa kukumbuka kila kitu, akavua miwani akaivaa tena. Hakuna aliyewahi.

Wechuli akatazama lile bua, akaona aibu, kisha akaona hamu, na hamu ikashinda. Akachomoa kisu chake cha viatu mkobani, akalipasua katikati. Ndani mlijaa vishimo, vingi, vidogo vidogo. Akaviminya kwa dole gumba.

— Khane! Kumbe ni kama soli ya patapata! Hewa tupu! Patapata ikianguka majini si inaelea?

Shantel alikuwa ameshapiga magoti, daftari juu ya benchi, anaandika. Wechuli akainama asome: "Baba amejuaje? Amepasua na kisu ya viatu." Akaisoma mara mbili.

Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ikalia. Mtoto akashika mkono wa babake, kama walivyopatana jana.

— Sasa utamwambia mwalimu nini? akauliza Hansard.

Wechuli akapangusa kisu kwenye shati la kanisani bila kujua.

— Sijui bado.

Akainuka, na wengine wote wakaanguka.