Orest Danylchuk na Majina Saba ya Daftarini

Wasikilizaji wapendwa, leo sipigi muziki wa kufungulia kipindi. Mimi ni Verna Sawatsky, wa hapa hapa Sorrel Lake, na mnaonijua mnaitambua sauti yangu nikiwa na hasira. Leo ninayo, tena tele.

Tunamkumbuka Orest Danylchuk. Orest Danylchuk, miaka sitini na sita, fundi wa matrekta aliyestaafu, mjenzi wa ndege. Alifariki Jumapili ya pili ya mwezi Mei, kwenye uwanja wetu wa nyasi, ndani ya ndege aliyoijenga kwa mikono yake. Aliijenga kwa miaka kumi na moja. Iliruka sekunde nane.

Aliugua ugonjwa huu wa kupenda ndege angali mdogo. Akiwa na miaka tisa alisikia ndege ya kunyunyizia dawa ikija shambani kwa baba yake, akakimbia akalala chali katikati ya mimea ili impite juu ya pua. Ikampita kweli. Alirudi nyumbani amelowa dawa ya wadudu kuanzia utosini, mama yake akamsugua kwa maji baridi uani huku akimchapa. Orest alikuwa akisimulia hivyo kila Krismasi, na kila mara alimalizia kwamba kipigo kile hakukisikia hata kidogo.

Alipostaafu alinunua michoro, mbao za msonobari na gundi. Mifupa ya mabawa aliiunganisha juu ya meza ya jikoni, maana ghalani kulikuwa na baridi na gundi haikukauka. Majira yale yote ya baridi mkewe Nadia aliandaa pirogi, vile vitumbua vyetu vya kujaza viazi, juu ya meza ya kupigia pasi. Mkia ulikaa chumbani kwa binti yao Larissa, aliyekuwa amehamia mjini Regina.

Wiki iliyopita Nadia aliniambia hivi: "Nilimwambia, Orest, wanaume wenzako wana vimada, wewe una mbao. Akanijibu, mama, shukuru, mbao hazipigi simu."

Tulicheka, wasikilizaji. Kisha Nadia akaacha kucheka, akanitazama. Nitawaambia kwa nini.

Sisi wajenzi wa ndege hapa Sorrel Lake tuna desturi moja. Ndege mpya kabla haijaruka, chama kizima kinakuja kuikagua. Kila mtu anaizunguka peke yake. Kila mtu lazima apate kosa, hata dogo, kisha anaandika jina lake kwenye daftari la mjenzi. Mwenye ndege anapika pai. Na sheria ni hii: asiyepata kosa hali pai.

Sheria hiyo ni ya nani? Ya Orest Danylchuk. Yeye ndiye aliyeianzisha, na yeye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kwa miaka ishirini na mbili alikagua ndege zetu zote. Alitambaa kwa magoti na tochi mdomoni. Alitutukana. Ndege yangu aliizuia isiruke mwezi mzima, kwa sababu ya pini moja isiyozidi kijiti cha kiberiti niliyosahau kuiweka kwenye nati. Sikumsemesha kwa wiki tatu. Akanikuta dukani, akasema, "Verna, ninunie tu, dada yangu. Anayenuna anapumua." Kukosa pini ile kungeniua. Naongea nanyi leo kwa sababu Orest hakunionea haya.

Sasa sikilizeni Jumamosi ile ilivyokuwa, siku moja kabla hajafa.

Ndege ilikamilishwa ghalani kwake, na mkaguzi wa serikali aliipitisha ikiwa humo humo. Lakini ghala liko mbali na uwanja. Kwa hiyo mabawa yalifunguliwa, yakabebwa kwa trela, yakafungwa tena uwanjani. Orest aliyafunga mwenyewe siku ya Ijumaa, kwenye upepo, vidole vimekufa ganzi. Chini ya kiti kuna nyaya mbili. Zinakwenda kwenye vile vibawa vidogo vya ukingoni mwa mabawa, vinavyoiinamisha ndege kushoto au kulia. Nyaya mbili, zinafanana kama mapacha. Alizibadilisha. Ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaenda kushoto.

Ni kosa la mtu aliyechoka. Linaweza kumpata yeyote. Ndiyo maana tuna desturi.

Basi Jumamosi tukaja watu saba. Nadia alikuwa amepika pai ya matunda ya saskatuni, bado ya moto. Tukaizunguka ndege. Sivyo, nisiwadanganye: tukaisifu. Tulipapasa kitambaa, tukasema lo, kazi hiyo! Mwenyekiti wetu, Glen Haugen, alininong'oneza, "Sasa mimi nimkague Orest? Si itakuwa kuku kumfundisha mama yake kutaga?" Nikacheka. Nilicheka, wasikilizaji.

Mtu mmoja aliingia kitini akausogeza usukani, ile fimbo iliyo kati ya magoti ya rubani. Sisi wengine tulisimama nje. Akauliza, "Inasogea?" Tukajibu kwa pamoja, "Inasogea!" Hakuna aliyeuliza inasogea kwenda wapi. Na namna ya kujua tulifundishwa na Orest mwenyewe: shika usukani, gumba juu, uulaze upande mmoja. Gumba lielekee kwenye kibawa kilichopanda. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Watu wazima saba hatukufanya.

Nadia alikuwa mlangoni mwa kibanda cha uwanjani na kisu cha kukatia pai. Akamuuliza mumewe, "Hawa watu wako leo hawajapata kosa hata moja?"

Orest alisimama na kofia mkononi. Naye alikuwa na furaha, na furaha yake ilinizidishia uvivu. Akasema, "Wape tu, mama. Leo wape."

Tukala. Tukaandika majina yetu, na chini yake mtu akaandika: hakuna kosa.

Jumapili asubuhi ndege ilikimbia kwenye nyasi, ikanyanyuka. Upepo ukaliinamisha bawa la kushoto kidogo. Orest akaulaza usukani kulia, kama inavyopasa. Bawa la kushoto likazidi kushuka. Akaulaza zaidi. Likazidi. Mtu katika sekunde hizo hafikirii, mikono inafanya ilichozoea, na mikono ya Orest ilikuwa sahihi hadi mwisho. Bawa likagusa ardhi. Nadia alikuwa amesimama kando ya uzio na thermosi ya kahawa.

Tangu siku hiyo nasikia maneno. Ajali haina kinga, wananiambia. Msiniambie! Hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa na kinga saba, zimekaa kwenye viti vya kukunja zinatafuna pai. Wengine wanasema mganga hajigangi. Kweli kabisa, na ndiyo sababu mganga akiugua huitiwa mganga mwenzake! Sisi tuliitwa. Tulikuja. Tulikuwa pale.

Wiki iliyopita Glen alikwenda kwa Nadia na kibao cha shaba, cha kubandikwa ukutani uwanjani. Kimeandikwa: Alikufa akifanya alichokipenda. Nilikuwa jikoni, niliona. Nadia alikisoma mara mbili.

"Glen," akasema, "mume wangu alipenda kuruka. Kuanguka hakupenda. Rudi na kibao chako."

Glen akasema, "Nadia, tunaomboleza sote. Tusianze kutafuta mchawi."

Nadia akainuka, akaleta daftari la Orest, akalifungua mezani. "Sitafuti," akasema. "Mmejiandika wenyewe."

Glen alipoondoka, Nadia akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti. "Verna, wewe una redio. Mtu akishinda bahati nasibu unamtaja. Ng'ombe akipotea unamtaja. Wataje na hawa."

Leo asubuhi Glen amenipigia simu. Amesema nitakivunja chama. Amesema watu watatuona wauaji. Nimemjibu kwamba mimi nitasoma kilichoandikwa, na kila mtu atajiona mwenyewe.

Basi nasoma. Daftari la Orest Danylchuk, ukurasa wa mwisho. Glen Haugen, mwenyekiti. Duane Kessler. Curtis Bohach. Marv Lepp. Ted Yurkiw. Al Yurkiw. Verna Sawatsky.

Jina la mwisho ni langu. Aliyeandika "hakuna kosa" ni mimi. Mwandiko wangu mnaujua, ndio ulio kwenye matangazo ya kituo hiki yanayobandikwa dukani.

Nadia, pole. Larissa, mwanangu, pole sana. Najua pole yangu haina uzito nyumbani kwenu, na sidai ipokelewe. Poleni pia ndugu na majirani wote wa Orest Danylchuk, fundi, mjenzi, mume, baba.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wenu ana mtu ambaye anaogopa kumkosoa kwa sababu ni hodari kuliko yeye. Nendeni mkamkague leo. Tambaeni kwa magoti. Akinuna, mwacheni anune. Laiti Orest Danylchuk angekuwa ghalani kwake saa hii, amenuna, ameapa kutonisemesha tena maishani.