Mwalimu Philipo Mutai, Msindikizaji wa Wenzake

"Dada Miriam, huyo Basili mnayemtaja kila jioni ni shemeji yenu? Mbona simwoni kwenye foleni ya bafu?"

Ndivyo jirani yao Proscovia, Mganda wa kazi za hoteli, alivyomuuliza Miriam Jebet kule Al Thumama, Doha, ambako nyumba moja ilikatwa vyumba kwa mbao na neno la huku lilisikika kule. Miriam alicheka hadi akaketi. Basili alikuwa kaisari wa Konstantinopoli, aliyekufa miaka elfu moja iliyopita. Aliyemleta chumbani mwao ni mumewe, Mwalimu Philipo Mutai, ambaye leo tunamkabidhi kwa Mwenyezi Mungu.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Kapsoiyo, Nandi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Jeremiah na marehemu Mama Leah. Jana angetimiza miaka hamsini na tisa. Alisoma shule yetu ya msingi, na baada ya chuo cha ualimu akarudi hapo kufundisha historia. Wengi mliosimama hapa amewahi kuwaambia mkae wima.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Miriam, na Mungu akawajalia Kevin na Terry.

Mwaka 2010 alikwenda Doha, akaendesha basi la kupeleka wafanyakazi kisiwa cha The Pearl. Miriam alimfuata baadaye, akapata kazi ya upishi. Mwalimu akingoja abiria wake watoke kazini alisoma kitabu kinene cha wafalme wa kale, na humo ndimo alimompata Basili. Alimpenda kwa kuwa alikula chakula kilekile cha askari wake, akawabana wakubwa ili wanyonge wapumue, na kila jambo alilishika kwa mkono wake mwenyewe.

Wakenya wenzake wa Doha walimchagua Mwalimu kuwa mwenyekiti wa chama chao. Alichotanguliza ni kimoja: Mkenya akifia Doha, asiachwe huko. Alijua ofisi ya kuanzia, mlango wa kubisha na mtu wa kusalimiwa kwanza. Alikwenda peke yake, akasimama mpaka jeneza lipokelewe uwanja wa ndege. Zamu yake ya kliniki ya presha ikigongana na jeneza, jeneza lilishinda. Miriam alimsihi, naye alijibu kwamba aliyekufa hawezi kungoja, ila yeye anaweza.

Kila uchaguzi, baada ya ibada kule Abu Hamour, aliwasimulia mwisho wa Basili. Alitawala karibu miaka hamsini, hakuoa, hakumfundisha mtu. Kiti kikamwendea ndugu yake Konstantino, aliyezoea karamu na mawindo, na nguvu ile yote ikaanza kuvuja. Katibu wa chama, Tony Mwangi, alimchokoza Mwalimu siku moja: "Na wewe mwenyekiti, Konstantino wako ni nani?"

"Ni wewe, Tony. Karamu hukosi."

Watu walicheka, wakamchagua tena. Naye akakubali tena.

Tarehe 19 Januari mwaka huu alipatwa na kiharusi akiwa ndani ya basi. Upande wa kulia ulilala, na ulimi pia. Wiki hiyohiyo Kendi, msichana Mkenya wa chama chao, mlinzi wa hoteli, alifariki. Tony alikuja hospitalini akapiga magoti kando ya kitanda. "Mwenyekiti, tunaanzia wapi?" Mwalimu alimwangalia. Midomo ilifanya kazi, jasho likamtoka, ikatoka "mlango, mlango," na machozi. Miriam alimfuta uso. Hakuwa na lingine la kufanya ila kuomba.

Mwalimu alilala katika Bwana tarehe 3 Februari. Sasa walikuwa wawili mochari, na hakuna aliyejua njia. Kila ofisi ilitaka karatasi ya ofisi nyingine. Ramadhani ikaingia, ofisi zikawa zinafungwa mapema, na Tony akarudi kila adhuhuri mikono mitupu. Aliyewarudisha wengine alikuwa amelala kwenye baridi, na hawa waliompenda walikuwa wakibisha milango isiyo yenyewe. Alikuja kutolewa wiki hii, akaletwa kwa ndege moja na Kendi. Hata safari hiyo alimsindikiza mwenzake.

Ameacha mjane, Miriam Jebet, watoto, Kevin na Terry Jeptoo, mkwe, Roselyne, mjukuu, Brandon, na chama cha Doha ambacho hadi leo hakina mwenyekiti. Basili hakutaka kaburi la wafalme. Aliomba alazwe nje ya ukuta wa mji, karibu na uwanja wa wapanda farasi wake. Mwalimu wetu analazwa hapa kwenye ua wa shule, watoto wakicheza, jinsi alivyopenda. Bwana ampe pumziko, yeye aliyesimama kwa wengi.

Jumapili ya mwisho ya uhai wake ulimi ulifunguka kidogo. Alimshika Miriam kwa mkono wa kushoto, akasema polepole, neno kwa neno: "Waambie wasichague mtu mmoja. Wachague watatu, na waende pamoja."