Mama Mado na Jina la Nchi

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, wa Kakontwe, na ninyi wa Tshangalele mnaosikiliza kwa betri mlizoanika juani, leo muziki utangoja. Tunamkumbuka Mama Madeleine Kyungu, mpiga taipu wa shule yetu ya sekondari pale Kikula. Tumemzika Jumamosi. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mama Mado, mpiga taipu, ametutoka.

Miaka hii ya tisini mnaijua. Viwanda vimelala, na karatasi ni adimu hata mitihani inachapwa nyuma ya barua za zamani. Wakati wa uporaji wa 1991, watu waliibiwa makabati na vyeti vilivyokuwamo. Na mtu asiye na cheti, mbele ya ofisi zetu, ni kama hakusoma kabisa.

Mwaka 1998 fundi Floribert alileta shuleni CD yenye Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, ambao kila mtu ana ruhusa kuutumia na kuunakili. Akauweka kwenye kompyuta kuukuu, pamoja na programu ya ofisi yenye herufi za maua. Mkurugenzi wa shule akafurahi: vyeti vyote vitunzwe humo! Mama Mado akakataa. Faili za programu ile zilifunguka kwa programu ile tu. Yeye alitaka maandishi matupu, yasiyo na pambo, ambayo kompyuta yoyote huyasoma. Mwishowe wakapatana: faili za kutunza ziwe tupu, na mkurugenzi apambe zake za kuchapa na kuwapa watu.

Mumewe, Baba Athanase, anakumbuka: «Alifika ku nyumba na kasirani. Aniambia: ‘Ya kupatia bantu, tuipambe. Ya kuchunga, tuiache mutupu. Bibi wa ndoa anavala robe siku ya ndoa. Je, analalaka nayo?’»

Nikiri, hata mimi nilimcheka. Nilimwita mama wa maandishi uchi.

Kwa miezi kadhaa alinakili daftari kuu, cheti kwa cheti, kama kilivyoandikwa. Juu ya kila kimoja: République du Zaïre. Alipomaliza faili elfu moja na ushee, mkurugenzi akashtuka. Zaire si ilikwisha tangu 1997? Akaagiza jina jipya. Mama Mado alitoa kwanza nakala kwenye disketi, akazifungia sandukuni. Kisha akaiandikia kompyuta amri ya mstari mmoja tu, ibadilishe jina la nchi popote lilipo. Kabla chai yake haijapoa, kila faili ilisema République Démocratique du Congo. Walimu walipiga makofi. Mwenyewe alitamba wiki nzima!

Lakini haraka haraka haina baraka. Kijana mmoja, Germain, alimaliza shule yetu mwaka 1988, na cheti chake kiliporwa mwaka 1991. Mwaka huu alikuja kuomba nakala, akapewa ile yenye maua, na sahihi na muhuri juu. Akaipeleka kwenye ofisi moja ya elimu ya Lubumbashi, apate nafasi ya kusomea uuguzi. Mkuu wa ofisi akaisoma, akacheka.

«1988 inchi yetu iliitwa Zaïre. Hii kartasi uliifanyia wapi?»

Akamwita mghushi mbele za watu. Akampa hadi Ijumaa. Baada ya hapo, polisi.

Nifahamuni vizuri: cheti kilikuwa cha kweli. Jina la nchi tu ndilo halikuwa la wakati wake.

Carine, binti wa Mama Mado, alikuwepo nyumbani habari ilipofika. «Tulimwambia mama atume Floribert. Akakatala. Alisema: ‘Minye njo nilikosa, minye njo niende.’» Yaani kosa ni lake, basi na safari ni yake.

Alhamisi alipanda lori la makaa, akiwa na disketi mbili: ya mkurugenzi yenye mapambo, na yake ya maandishi matupu, ile ya sandukuni. Kompyuta ya ofisi ile ilikuwa na programu nyingine kabisa. Disketi ya mkurugenzi ilitoa vijisanduku na alama za ajabu. Ya Mama Mado ilifunguka papo hapo: jina la Germain, mwaka 1988, République du Zaïre, na namba ya mtihani, ambayo maua ya mkurugenzi yalikuwa yameinyima nafasi. Mkuu alilinganisha namba ile na orodha yake ya waliofaulu mwaka ule. Zikapatana.

«Monsieur le chef,» alisema Mama Mado mbele ya watu wote, «minye njo nilibadilisha jina ya inchi ku kartasi ya zamani. Mutoto haiko na kosa. Andika jina yangu.»

Germain alipata nafasi. Mama Mado alirudi, akairudishia kila faili jina la zamani la nchi, na kila aliyemuuliza alimsimulia kosa lake bila kuficha kitu. Ninampenda kwa hilo kuliko kwa ufundi wake wote.

Jumamosi makaburini, msalaba ulikuwa umeandikwa: alizaliwa Likasi, 1946. Germain aliusoma, akaomba brashi. Alifuta Likasi, akaandika Jadotville, maana ndivyo mji huu ulivyoitwa siku ile. Baba Athanase alicheka huku analia. «Hatukuhamaka hata siku moja,» alisema. «Nyumba njo ile ile.»

Baba Athanase, Carine, na jamaa wote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, leo fungueni masanduku yenu, mtazame karatasi za wazee wenu. Msione aibu kwa majina ya zamani yaliyomo. Na ukikuta mtu anabeba kosa lako, panda lori uende.