Melania Butoyi, Aliyetaka Kila Jina Liwe na Nakala

Melania Butoyi Anatoli alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1966 kijijini Kalinzi, kwa Mzee Anatoli na Mama Verediana, wakulima wa kahawa. Hakuja peke yake. Pacha wake Kalisti alimtangulia kama robo saa hivi, na kwa desturi yetu Waha anayetangulia huitwa Bukuru, ndiye mkubwa, na anayefuata huitwa Butoyi, ndiye mdogo. Hata uzeeni Kalisti alikuwa akimkumbusha dada yake robo saa hiyo kila walipobishana, na walibishana sana. Tunaomba ndugu waombolezaji mlishike hilo la Bukuru na Butoyi, kwa sababu wasifu huu hauwezi kueleweka bila hilo.

Alisoma shule ya msingi hapo Kalinzi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980. Alipokuwa darasa la tano aliifungua redio ya baba yake ili aone anayezungumza amekaa wapi, akaifunga tena, na redio ikaimba kama kawaida. Tatizo skrubu moja ilibaki mkononi. Redio ilikuwa nzima, baba hakujua lolote, lakini Melania alikosa raha siku tatu, hali, haongei, mpaka akaenda mwenyewe kukiri. Mzee Anatoli alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo alivyoumbwa, mtu wa wasiwasi, na sisi wa nyumbani tulimtania kwa hilo miaka yote, wakati mwingine kupita kiasi.

Baada ya sekondari mjini Kigoma, mwaka 1985 alipanda treni kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa elektroniki, akiwa msichana pekee katika darasa la wavulana ishirini na wawili. Alihitimu mwaka 1988 akarudi Kigoma, akafungua kibanda cha kutengeneza redio Gungu. Tarehe 15 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Mwalimu Telesphory, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Marsiana na Merina. Mwalimu Telesphory anasema alimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee Gungu aliyemrudishia redio yake pamoja na orodha ya kila kitu kilichoguswa ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka 1996 watu walivuka ziwa kutoka Kongo kwa maelfu. Wengi wetu hapa tuliwaona, na wengi wenu hapa mlikuwamo ndani ya mitumbwi hiyo. Familia zilipanda chombo kimoja zikateremka pande mbili, mama akashukia huku, mtoto akashukia kule. Februari 1997 Melania aliajiriwa kutunza kompyuta za shirika moja dogo lililokuwa likitafuta watoto waliopotezana na wazazi wao. Kila mtoto aliandikwa kwanza kwenye fomu, kisha akaingizwa kwenye kompyuta pamoja na picha yake, halafu fomu ikachomwa moto. Ilikuwa lazima ichomwe, maana karatasi yenye jina na kabila la mtoto ikiangukia mikononi mwa watu wabaya ingeweza kumwua. Basi jina la mtoto likawa halipo popote duniani isipokuwa ndani ya diski.

Hilo lilimtisha Melania kuliko kitu chochote. Alidai diski ya pili akapewa, akaziita Bukuru na Butoyi, akayaandika majina hayo juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Bukuru ilifanya kazi za kila siku. Kila Ijumaa Butoyi iliunganishwa nayo kwenye waya mmoja mpana wenye meno arobaini, ikanakiliwa kila kitu, kisha zote mbili zikachomolewa kwa kuogopa wezi. Moja ililala ofisini, nyingine nyumbani kwake Gungu, ndani ya kopo la maziwa.

Diski za wakati ule zilikuwa na jambo moja. Mbili zikiwa kwenye waya mmoja, mashine haijui ipi ni ipi mpaka uiambie, na unaiambia kwa kifuniko cheusi cha plastiki kidogo kama punje ya mchele, unachokichomeka mgongoni mwa diski. Kikikaa hapa ni ya kwanza, kikikaa pale ni ya pili. Programu ya kunakili haikujua Bukuru wala Butoyi. Iliichukua ya kwanza na kuimwaga juu ya ya pili, na kilichokuwamo kwenye ya pili kikafutika.

Mwaka 1999 mimba ya Merina ilikuwa ngumu, na Melania aliamriwa kulala kitandani tangu mwanzo wa Juni. Kunakili kwa mwisho kulifanyika tarehe 28 Mei. Kazi ya kuandika watoto ilibaki kwa mwenzake Khalfani, mzaliwa wa Ujiji, mtu safi na mchapakazi. Tunayasema haya mbele yake, na ni yeye aliyetuomba tuyaseme. Merina alizaliwa Jumanne tarehe 27 Julai, na Ijumaa yake Khalfani alikuja wodini kumpa mama pongezi, na machungwa mkononi.

"Khalfani, diski hazijanakiliwa tangu Mei," Melania alimwambia hata kabla ya kupokea machungwa. "Moyo hautulii."

"Mama Marsiana, umejifungua juzi tu. Nitafanya mimi, leo leo."

"Mkubwa umweke wa kwanza, mdogo wa pili. Halafu ya kwanza kwenda ya pili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Pumzika wewe."

Hakuwa amemwelewa. Khalfani alikua kwa Kiswahili, Kiha hakijui, na vijana wa Ujiji wa siku zile walikuwa wakitania kwamba Kiha ni cha kule milimani. Wodi nzima ilikuwa imejaa akina mama wa Kiha. Aliona aibu kuuliza mbele yao kati ya majina yale mawili lipi ni la mkubwa. Akapita Gungu kuichukua Butoyi kwenye kopo lake, na alipofika ofisini akafikiri mwenyewe. Melania ndiye mkuu wake wa kazi, na Melania anaitwa Butoyi. Basi Butoyi ndiye mkubwa. Akaiweka Butoyi ya kwanza, Bukuru ya pili, akabonyeza, akasubiri hadi mwisho kwa uangalifu mkubwa.

Jumatatu tarehe 2 Agosti alifika Gungu, akasimama mlangoni bila kupiga hodi.

"Mama Marsiana, Juni haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Na Julai."

Watoto mia moja na kumi na wanane walioandikwa katika miezi hiyo miwili walikuwa wamefutika, na fomu zao zilikuwa majivu. Mwalimu Telesphory anakumbuka kwamba mkewe hakupiga kelele. Aliketi kitandani na kichanga kifuani, akauliza mara moja tu, "Mbona ulimfanya Butoyi mkubwa?" Khalfani alipomweleza, akainamisha kichwa. Alisema kosa ni lake yeye, aliyeandika majina ya nyumbani kwao kwenye kitu cha watu wote, wakati angeweza kuandika moja na mbili. Tangu siku hiyo hadi anakufa hakubadilisha kauli hiyo, ingawa sisi tulijaribu sana kumbembeleza.

Tarehe 4 Agosti, kichanga kikiwa na siku nane, alipanda gari la shirika kwenda kambi ya Lugufu. Mumewe alikataa, mama yake alikataa, Kalisti alipanda lori kutoka Kalinzi ili aje akatae. Hakuwasikiliza. Yeye na Khalfani walikaa huko siku tisa, wakapita hema kwa hema na kituo kwa kituo, wakiwauliza watoto upya: unaitwa nani, mama anaitwa nani, mlishukia wapi. Waliwapata mia moja na kumi na saba.

Aliyekosekana alikuwa mvulana mmoja. Khalfani alimkumbuka vizuri: umri miaka sita, ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto haipo, anaitwa Yassir, mwenyeji wa pwani ya Baraka, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Mwishoni mwa Julai shangazi alijitokeza, akahakikiwa kama inavyotakiwa, akamchukua. Jina la shangazi na mahali alipompeleka vilikuwa vimeandikwa. Viliandikwa kwenye Bukuru.

Tarehe 1 Septemba mama mmoja aliingia ofisini akitokea kambi nyingine, jina lake Zuleha.

"Munisaidie," alisema, "mutoto yangu Yassir iko wapi? Mukono wa kushoto kidole kimoja kimekatika."

Ilibidi Melania amjibu kwamba mwanawe yu hai, alikuwa hapa, ameondoka wiki tano zilizopita, na hakuna anayejua amekwenda wapi. Bi Zuleha anatuambia kwamba alimwuliza tena mara tatu, akidhani hajasikia vizuri, na kwamba aliyelia wa kwanza alikuwa Melania.

Shirika lilifungwa mwaka 2003. Melania alirudi Gungu akafungua karakana, akawavutia majirani nyaya za mtandao kutoka nyumba hadi nyumba, akawa fundi anayesifika kwa kuuliza kila mteja, "Nakala yako iko wapi?" Nyumbani hakutupa waya hata mmoja. Kila mwaka kompyuta mpya zilikuja na matundu mapya na meno ya namna nyingine, na yeye aliogopa kwamba siku moja hakutakuwa na mashine ya kusoma diski ya zamani. Mwaka 2006 aliipeleka Bukuru Dar es Salaam kwa fundi bingwa. Kijana yule alisema hana waya mpana wa kuiunganisha, hizo zimepitwa na wakati. Melania alifungua mkoba akamtolea nyaya nne. Kwa siku mbili akakaa kwenye kiti akimwangalia. Jibu lilikuwa kwamba kitu kilichoandikiwa kingine juu yake hakirudi tena.

Aliporudi alianza kwenda bandarini. Tangu mwaka 2005 wakimbizi walikuwa wakirudishwa kwao kwa meli, na yeye alisimama getini kila siku ya safari, akitazama mikono ya kushoto ya wavulana. Aliugua shinikizo la damu, kisha figo. Daktari alimwambia apunguze mawazo. Alimjibu, "Daktari, nipe dawa nyingine." Alilazwa tarehe 19 Mei 2008, na siku zote wodini swali lake kwa kila aliyemtembelea lilikuwa moja, meli inaondoka lini. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2008 alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Mnashangaa kwa nini ratiba hii ya mazishi imechapwa nakala mia sita, wakati sisi hapa Kalinzi hatufiki mia tatu. Ni agizo lake. Alisema karatasi ya msiba haitupwi, husafiri mikobani, inafika Kasulu, inafika makambini, inavuka ziwa. Kila mmoja wenu achukue mbili, moja yake, na moja ya kumpa mtu asiyemfahamu.

Ameacha mama yake, Verediana; mume wake, Mwalimu Telesphory; mabinti zake, Marsiana na Merina; pacha wake, Kalisti Bukuru; mwenzake wa kazi, Khalfani; na Bi Zuleha, siku hizi mkazi wa Ujiji, ambaye miaka tisa amekula nasi kila Ijumaa na leo ameketi na wafiwa, mstari wa mbele.

Mwenyezi Mungu ampe Melania pumziko ambalo hapa kwetu hakulipata. Nawe Yassir, sasa una miaka kumi na mitano: meli inayofuata inaondoka Jumanne. Usipande. Mama yako yuko upande huu.