Yupo Si Nipo

Sogeeni, wanangu. Severa, kaa hapa kitandani, nawe Onesphory acha kuchungulia dirishani, barabara ya Msimbazi haihami. Daktari amesema alichosema, nami sina hofu, maana chumvi nimekula ya kutosha na kazi yangu naiona kwa macho.

Kihamba cha Kibosho, shamba letu la migomba, ni chenu wote, msikiuze. Vyumba vya mbele vya nyumba hii vibaki madarasa, na mama yenu Candida akae chumba cha uani mpaka Mungu amwite, asitokee wa kumwambia sogea. Shule namwachia Severa. Usinune, Onesphory. Hesabu unazijua, ila unazifanya zikubali lolote. Juzi nilikusikia ukimwambia mzazi barazani kwamba tuna watoto tisini, na mimi najua walioketi darasani ni sitini na mmoja. Hao wengine ulihesabu majina, hukuhesabu watoto. Sikukemea, kwa sababu mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka ni mimi.

Mnamjua Mzee Fikirini, muuza nazi pale sokoni. Miaka mitatu hanisalimu wala simsalimu, nami nimewaacha mwamini kwamba ana kiburi. Mwanawe Zahoro alikuwa darasa langu la nne, akashindwa mtihani, akaona haya, akaacha kuja. Asubuhi anatoka kwao madaftari kwapani, kumbe anashinda kwenye karakana ya mbao kule mtaani Gerezani. Mwaka ule walikuwa wameshatutoka kumi na mmoja, nikaogopa kwamba nikimtaja wa kumi na mbili wazazi wengine nao watawaondoa wao, basi jina lake nikaliacha kwenye daftari la mahudhurio. Kila nikienda kununua nazi baba yake ananiuliza, “Mwalimu, kijana yupo?” Nami najibu, “Yupo,” kama mtu anavyojibu habari za nyumbani. Yupo duniani, yupo daftarini! Yeye akasikia yupo darasani, akanichagulia nazi nzuri, akanishukuru.

Miezi mitatu, wanangu. Mpaka msumeno ulipomkata Zahoro vidole viwili vya mkono wa kuandikia.

Fikirini alipokuja nikajitetea kwamba sikulitamka neno “darasani”. Akanitazama, akasema, “Mwalimu, Kiswahili mimi nimezaliwa nacho, wewe umejifunza, lakini siku zote zile tulielewana.” Akaenda zake. Nililia, sikumwambia mtu.

Sasa shikeni. Mtoto aliye mbele yako hujibu mwenyewe, “Nipo.” “Yupo” ni neno la kumjibia ambaye humwoni, basi mzazi akiuliza msilitumie, mwiteni mtoto ajibu kwa kinywa chake. Akikosa siku mbili, ya tatu mwalimu akapige hodi kwao. Na Jumamosi wazazi wakikutana, Onesphory, wewe ndiye utakayesoma majina yote tisini, na kila aliyeondoka useme ameondoka, mwezi gani, kwa nini, hata kama sababu ni sisi. Njia ya mwongo ni fupi. Watakaotuacha watuache. Shule hii inafundisha, najua inafundisha. Nimemwona Severa akimsomesha mtoto aliyeshindikana shule mbili, na wazazi wa Kariakoo si vipofu. Watajaa tena, na safari hii watajaa watoto.

Maji kidogo... Inatosha.

Mungu awape afya, awape ndimi nyepesi kwa kweli na nzito kwa hila. Msigombane mkiwa mmekaa kwenye kiti changu. Mpendeni mama yenu.

Asubuhi nilimtuma Candida sokoni akamwite yule mzee, na hizo... hizo ni kandambili zake uani. Msitoke. Nataka mnisikie. Niinueni kidogo... hapo, hapo.

Karibu, Mzee Fikirini. Kaa karibu, sauti yangu imekwisha. Zahoro hakuwepo. Nilijua.