Babu Ndani ya Buibui

Kwenye feri ya Likoni, bibi mmoja wa Mtongwe alikuwa ameishika riwaya kama aliyemshika mwizi. “Huyu mwandishi nilimpikia mahamri, nikamsimulia babu yangu alivyowagomea Wazungu kubebeshwa mizigo ya vita. Sasa kitabuni kamvisha buibui, anatoroka. Naenda arekebishe.”

“Nimekisoma, nyanya,” alisema kijana wa bara mwenye sare ya bandarini. “Huyo mzee ndiye niliyempenda kuliko mashujaa wote.”

“Hakuvaa buibui, wallahi. Alivaa leso.”

Nilimwinamia mwanangu kifuani nisionekane nacheka.

“Kumbe alitoroka kweli?” aliuliza kijana.

“Angekwenda, baba yangu angezaliwa lini?”

Mlango wa feri ukashuka, na sote tukakimbia, mimi na mtoto ndani ya leso.